Kwa nini gari la paa gumu la kukunja linaonekana limevimba nyuma?

Swali: "Shikamoo kaka. Niko Tanga, nina miaka 31, nimejichanga muda mrefu nataka nijinunulie gari la wazi, lile la paa gumu linalojikunja lenyewe linaingia kwenye buti, turubai sitaki. Nimebaki na mbili za kuagiza kutoka Japani, BMW Z4 ya 2010 na Toyota Soarer ya 2003, hii ambayo kwingine inaitwa Lexus SC430. Kinachonisumbua ni sura. Paa likiwa limefunguliwa zote nazipenda, likifungwa naona nyuma kama imevimba, hasa Soarer, halafu juu kichwa kidogo. Ni macho yangu au ndivyo zilivyochorwa? Ipi imechorwa vizuri? Na nikipaka paa rangi nyeusi nikaweka na spoila, huo uvimbe utapungua?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kujichanga. Macho yako hayana tatizo lolote. Niko kwenye kazi ya bodi na rangi zaidi ya miaka 20 na haya magari ya paa la kukunja yakiingia gereji huwa naenda kusimama nyuma kwanza kabla hata sijauliza limegongwa wapi, kwa sababu kwenye gari la aina hii buti ndo linaamua kila kitu. Wewe unatazama paa, lakini yule aliyelichora muda wote alikuwa anawaza buti. Paa lazima lipate pa kulala, na pale linapolala ndipo sura yote ya gari inapoanzia.

Fikiria hivi. Chukua gari yoyote ya kawaida ya milango miwili, pima bati la paa kuanzia juu ya kioo cha mbele mpaka kioo cha nyuma kinapoishia, utakuta ni refu kuliko buti lenyewe. Sa utaliingizaje humo? Njia ziko tatu tu: ulikate vipande vilaliane, au uvute kioo cha mbele kije nyuma zaidi ili paa lenyewe liwe fupi, au ukuze buti. Na wachoraji karibu wote wanatumia zote tatu kwa pamoja, kila moja wanaitumia kidogo, na kila moja inaacha alama yake kwenye sura ya gari. Ukishazijua hizo alama hutahitaji mtu akwambie ipi imechorwa vizuri, utaziona mwenyewe kutoka ng'ambo ya barabara.

Vipande ni kama sufuria za jikoni. Sufuria zinaingiliana kwa sababu mviringo wa moja unafuata mviringo wa nyingine, ukileta moja yenye umbo lake tofauti inakaa juu juu na kabati halifungi. Paa ni vivyo hivyo, kipande cha mbele na cha nyuma vikikunjwa lazima mikunjo yao ifanane ili vilale bapa, kwa hiyo mchoraji hana uhuru wa kulipinda paa anavyotaka. Kioo cha nyuma ndo kinachosumbua zaidi maana kimepinda upande wake, na Mercedes kwenye SLK iliyotoka 2004 walifanya kioo kijigeuze chenyewe wakati paa linashuka ili kilale kwa kufuata mviringo wa paa, buti likapata nafasi zaidi. Gari ya viti viwili vipande viwili vinatosha. Za viti vinne kuna zinazodai vitatu, kama BMW 3 Series ya 2007 na Volvo C70 ya 2006. Volkswagen Eos yenyewe ina vitano, kimoja ni kioo kinachofunguka kama dirisha la juu. Na kila kipande kinaongeza mstari wa maungio juu ya paa, ile mistari myeusi ya raba unayoiona ukisimama juu ya ngazi.

Kioo cha mbele kuvutwa nyuma utakiona vizuri kwenye Peugeot 307 CC. Nguzo za kioo zimelala sana, fremu ya juu ya kioo inakaribia kuja juu ya kichwa cha dereva. Kwa hiyo hata paa likifunguliwa bado una kioo utosini, na ukiliangalia gari kwa ubavu unaona kioo kirefu kimelala halafu paa fupi halafu buti refu. Uwiano unapotea, inakuwa haijulikani gari inaelekea wapi.

Halafu kuna jambo ambalo watu wengi hawalioni mpaka uwaoneshe, nalo ndo jibu la hicho kichwa kidogo ulichokiona. Paa likilala kwenye buti linakaa katikati ya kuta mbili, na kwenye hizo kuta kuna nafasi ya matairi, kuna bawaba, kuna mikono ya haidroliki. Kwa hiyo paa lazima liwe jembamba kuliko nyuma ya gari, na siyo kwa kidogo. Mabega yanabaki mapana, paa linabanwa ndani, likifungwa linaonekana kama kofia ya mtoto kwenye kichwa cha mtu mzima. Hiyo imo kwenye hesabu za kulilaza paa, na mchoraji hata awe hodari vipi haondoki nayo bure, anachoweza ni kulizuia jicho lako lisiende pale.

Na hili jambo siyo la juzi. Mfaransa mmoja, Georges Paulin, ambaye kazi yake ya awali ilikuwa daktari wa meno, ndiye aliyebuni paa la chuma la kuzama kwenye buti, na Peugeot wakalitoa kwenye magari yao ya Eclipse kuanzia 1934. Ukiona picha za Peugeot 402 Eclipse huwezi kusema imevimba nyuma, mkia ni mrefu unateremka taratibu mpaka karibu na ardhi, kwa sababu magari ya miaka ile yalikuwa na mikia mirefu hata yasipokuwa na cha kuficha. Paulin aliuawa na Wajerumani 1942 kwa kuwa kwenye harakati za kuipigania nchi yake, na mimi kila nikifungua buti la gari hizi namkumbuka, maana wazo lenyewe halijabadilika sana mpaka leo. Baadaye Ford wa Marekani wakatoa Skyliner, 1957 mpaka 1959, paa kubwa kweli kweli la watu sita, na ukingo wa mbele wa paa ulijikunja kwanza ili paa lienee ndani. Ile nayo ilikuwa na nyuma kama kitanda, ila Marekani ya wakati ule kila gari lilikuwa na nyuma kama kitanda na mapezi juu yake, kwa hiyo haikushangaza mtu. Uvimbe ulianza kuonekana pale magari yalipofupishwa. Mercedes walipoleta SLK 1996 na Peugeot wakafuata na 206 CC, ghafla tuna gari fupi la mita nne linalotakiwa kumeza paa lake lenyewe, na hapo hakuna mkia mrefu wa kufichia. Unapandisha buti juu, basi.

Sa tuje kwenye hizo mbili zako.

Z4 ya 2010 ni ile inayoitwa E89, ilitoka 2009 ikaendelea mpaka 2016. Bodi yake ya nje ilichorwa na mwanamke, Juliane Blasi, na ya ndani na mwanamke mwingine, Nadya Arnaout. Ile iliyotangulia ilikuwa ya turubai na urefu wake milimita 4091, hii ya paa gumu ni 4239, yaani karibu sentimita 15 zimeongezeka. Gari kuwa refu zaidi na bado lionekane jepesi ni kazi ngumu, na pale ndipo nampa heshima huyo mama.

Simama ubavuni mwa Z4 uangalie boneti. Ni ndefu mno, wewe dereva unakaa nyuma kabisa karibu na ekseli ya nyuma. Hiyo boneti ndo mizani. Mzigo uko nyuma lakini mbele kuna urefu wa kuushika, macho yako yanaanzia mbele yanasafiri, yakifika nyuma yameshachoka hayahesabu tena. Kisha mistari ya ubavuni, haijalala sawa, inapanda taratibu kuelekea nyuma inaenda kufia juu ya bega la tairi, kwa hiyo nyuma kuwa juu kunaonekana ni mwendo wa mstari na siyo nundu iliyochomoza. Nenda nyuma sasa. Ukingo wa kifuniko cha buti umekunjwa juu kidogo kama mkia wa bata, na chini ya huo ukingo bati limeingia ndani. Pitisha kiganja pale, utasikia mkono unashuka kwenye bonde halafu unapanda tena kwenye bampa. Hilo bonde linatengeneza kivuli, na kivuli kinaukata unene katikati. Buti ni lile lile nene, ila jicho linaona vitu viwili vyembamba badala ya kimoja kinene. Taa za nyuma nazo zimevutwa mpaka ubavuni, zinapanua gari, na kitu kilichopanuka kinaonekana kifupi kwa kimo.

Likifunguka ndo utaelewa vizuri zaidi. Ukibonyeza swichi vioo vinashuka, kifuniko cha buti kinanyanyuka kikiangalia nyuma, yaani kinafunguka kinyume na unavyofungua kuweka mizigo, paa la alumini linaachia fremu ya kioo, linajikunja vipande viwili vinalaliana, vinazama, kifuniko kinarudi. Sekunde 20. Buti lililokuwa na lita 310 linabaki na 180. Angalia kifuniko kinaporudi mahali pake, mwanya kati yake na bega la gari unatakiwa uwe sawa kulia na kushoto, mwembamba mwanzo hadi mwisho. Huo mwanya ni sehemu ya mchoro, mchoraji ameuhesabu kama anavyohesabu mistari mingine, na kwa sisi mafundi ndo kitambulisho cha gari iliyowahi kugongwa nyuma.

Soarer ina hadithi nyingine kabisa. Waliochora walikuwa wanatazama boti za starehe za kusini mwa Ufaransa, na wewe mtu wa Tanga utaliona hilo haraka kuliko mtu wa Dodoma. Hakuna mstari mkali hata mmoja, kila kitu ni mviringo, ubavu umejaa, nyuma inateremka kama tezi la chombo. Ndani ina injini ya V8 ya lita 4.3, kuna viti vya nyuma ambavyo kwa kweli ni vya begi na watoto wadogo, na paa la alumini linalochukua kama sekunde 25. Ni gari ya mita 4.5 na upana wa mita 1.8 na zaidi kidogo.

Shida yake ni kwamba chombo cha baharini hakina kofia. Paa likiwa chini Soarer imekamilika, ubavu unatiririka kuanzia taa za mbele mpaka nyuma, dashibodi na viti vinakaa ndani kama kwenye boti kweli, na ule unene wa nyuma unapendeza kwa sababu tezi la boti ni nene. Paa likifungwa unaweka kuba dogo la mviringo juu ya mwili mkubwa wa mviringo, na hakuna mstari wa kuviunganisha. Z4 ina mistari inayokuchukua mbele mpaka nyuma, Soarer haina, macho yanatua pale kwenye buti yanabaki hapo hapo. Ni kama jahazi lililopakiwa mzigo wote tezi, omo limenyanyuka, unaliona tu kwamba halijakaa.

Kwa hiyo swali lako la ipi imechorwa vizuri, nikijibu kama mtu wa bodi, Z4, bila kusita, kwa sababu inapendeza katika hali zote mbili na hiyo ndo mitihani ya gari la namna hii. Kufungua na kupendeza ni rahisi, karibu kila gari la wazi linapendeza likiwa wazi. Kazi ni kufunga. Ila ukiniuliza ipi ningependa kuiendesha jioni kule Raskazone paa likiwa chini na upepo wa bahari unaingia, ni Soarer, na hilo nalisema kwa moyo wote. Sa wewe jiulize kwa mwezi utaliendesha wazi mara ngapi. Jua la Tanga saa 7 mchana unalijua, na masika unayajua. Watu wengi niliowahudumia wanafungua paa asubuhi mapema na jioni, muda uliobaki gari liko limefungwa, maana yake sura utakayoishi nayo ni ile ya kufungwa.

Na kabla sijaenda kwenye rangi, kuna ya tatu nataka uiangalie hata kama hujaitaja. Mazda Roadster ya RHT, yaani ya paa gumu la kukunja, ambayo nje ya Japani ni MX-5, ilianza 2006. Wao walikataa kulipeleka paa kwenye buti, walilitengeneza kwa plastiki ngumu nyepesi wakalilaza nyuma ya viti pale pale panapolala turubai, linachukua sekunde 12 na buti halipungui hata kidogo. Nyuma waliinua bati kidogo tu. Ni gari ndogo na buti lenyewe ni dogo, lita 150, lakini kwa upande wa sura ni ushahidi wa hicho ninachokwambia: paa likipata pengine pa kulala, uvimbe unaondoka wenyewe. Na siyo ajabu kwamba BMW waliirudisha Z4 kwenye turubai mwaka 2018, na Mercedes wakairudisha SL kwenye turubai 2021. Turubai linajikunja dogo, ni jepesi, mchoraji anapata nyuma yake anayoitaka.

Haya, paa jeusi. Kwenye Soarer usifanye, tafadhali. Tatizo lako pale ni kichwa kidogo, na nyeusi inapunguza kitu, ndo maana watu wanene wanaipenda. Ukilipaka paa jeusi juu ya mwili wa fedha au mweupe unalitenga paa na mwili, kuba linazidi kuwa dogo na buti linazidi kuwa kubwa. Kinachoisaidia Soarer ni kinyume chake, rangi moja iliyokolea gari zima, kijani cha giza, buluu ya usiku, kijivu cha makaa. Rangi iliyokolea inameza mistari ya raba na inameza mviringo, nyuma inatulia. Nyeupe ndo mbaya kuliko zote kwa magari haya yote, kila mwanya unaonekana kama umechorwa kwa kalamu. Kwa hiyo ukiwa unachagua Soarer chagua rangi iliyokolea kutoka huko huko Japani, usinunue nyeupe ukitegemea kuja kuipaka.

Kwenye Z4 paa jeusi linaweza kupendeza kama mwili ni mwekundu au kijivu, linaonekana kama turubai kwa mbali na mistari ya maungio inapotea. Lakini kuna mambo ya kazi yenyewe ambayo fundi wa haraka haraka hatakwambia. Paa ni alumini. Alumini inataka praima yake, ile rangi ya kwanza ya chini, ukipiga ile ya bati la kawaida rangi inashika miezi kadhaa halafu inaanza kupanda kama ngozi ya maziwa. Msasa uliotumika kwenye chuma usiguse pale, unaacha chembe za chuma, na kwa hewa ya chumvi ya Tanga zitaanza kula alumini chini ya rangi na hutaona mpaka malengelenge yatokee. Vile vile unene. Vipande vya paa vikilaliana vinapishana kwa nafasi ndogo sana, ukiongeza puti na rangi tabaka juu ya tabaka kwenye kingo, kingo zinaanza kusuguana na raba zinaanza kuvutwa. Na rangi mbichi raba inaing'ang'ania, likifungwa kabla halijakauka barabara ukifungua linachunika. Stika nayo ni hivyo hivyo, inaishia kwenye kingo, na kingo ndo zinazosuguliwa kila unapofungua, jua likipiga inajikunja inaingia kwenye raba. Kama lazima ufanye, mpate mtu anayezitoa raba kwanza, anapaka, anaacha paa wazi nje ya buti siku kadhaa, ndo anazirudisha akizipaka grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida ya matairi na vyuma usiweke kwenye raba, inazivimbisha zinakuwa laini kama bazoka.

Spoila hapana, kwa gari zote mbili. Z4 tayari anayo, ule ukingo wa mkia wa bata ndo spoila yake na mchoraji ameshapima kimo chake, ukiongeza nyingine juu unalifuta lile bonde la kivuli na unaurudisha unene aliokwisha kuuficha. Ila sababu kubwa ni ya kimashine. Kifuniko kikinyanyuka kuelekea nyuma, ule ukingo wa mwisho unazunguka kushuka chini kuelekea kwenye bampa. Niliwahi kuletewa kigari cha viti viwili cha paa la kukunja kilichowekwa spoila kwenye gereji nyingine, ile ndefu ya miguu miwili, wametoboa kifuniko matundu manne wakafunga skrubu. Mwenyewe anasema paa limeanza kugoma. Tukalifungua taratibu mimi nimechuchumaa nyuma natazama, kifuniko kinapanda, kikafika karibu nusu, mguu wa spoila ukagusa bampa, tik, mashine ikaendelea kusukuma sekunde moja hivi halafu ikakata. Rangi ya bampa pale imeshachimbika vijishimo viwili kwa muda wote aliokuwa anatumia. Ndani ya buti kapeti limelowa, maji yameingia kwenye yale matundu ya skrubu, na waya wa swichi inayosoma kama kifuniko kimefungwa umeota kutu ya kijani. Tulitoa spoila, tukaziba matundu, tukapaka upya, tukabadilisha waya, na kifuniko kikachukua siku nzima kukirudisha kwenye mwanya wake maana bawaba zilishavutwa upande mmoja. Yule kaka alilipa mara kadhaa ya bei ya spoila yenyewe, na roho iliniuma kwa sababu gari lilikuwa zuri bila hicho kitu.

Kinachopunguza uvimbe kwa kweli ni matairi. Watu wanadharau hili. Nyuma nene ikikaa juu ya tairi dogo lililoingia ndani inaonekana inaelea, ikikaa juu ya tairi lililojaza tundu lake na likafika usawa wa bega la bati, unene unageuka kuwa nguvu. Soarer ilitoka na rimu za inchi 18 na zinatosha, kinachotakiwa ni kutazama kwamba hazijabadilishwa ndogo, halafu rimu za nyuma zitoke nje kidogo zisizidi bati. Z4 inchi 18 inapendeza, 19 inapendeza zaidi ila kwa barabara zetu na matuta utabadilisha rimu mara nyingi. Usishushe gari sana, kushusha kidogo tu kunatosha, ukizidisha utaacha bampa la mbele kwenye tuta la kwanza. Na kile kifremu cha chuma king'aacho cha namba nyuma, pamoja na vipande vya kung'aa vya kubandika ukingoni mwa buti, vitoe vyote. Kila kinachong'aa pale kinaliita jicho kwenye sehemu ile ile unayotaka lisiende.

Tinti nayo uwe na kiasi. Vioo vyeusi tititi kwenye Soarer ya rangi ya fedha ni sawa na kupaka paa jeusi, kichwa kinapungua. Tinti nyepesi mwili mzima unaunganika.

Ukifika wakati wa kununua, mwambie anayekuuzia akurekodie video moja isiyokatwa, paa linafunguka mwanzo mpaka mwisho na linafunga tena, amesimama kwenye kona ya nyuma, siyo mbele, na injini ikiwa inawaka ili betri isichoke katikati. Sikiliza pampu, iwe na mlio mmoja uliotulia. Halafu omba picha ya mwanya wa buti kulia na nyingine kushoto, kamera ikiwa umbali uleule, uziweke pamoja kwenye simu uzilinganishe. Ukiona upande mmoja mpana na mwingine mwembamba, hata kwa unene wa shilingi moja, niletee hizo picha kabla hujatuma hela.